Onyo Lililoishia Mezani

Wadogo zangu wa kitengo,

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na maneno mazuri kuliko niliyostahili. Kisha Rehema akasema mbele ya watu wote, "Dada Kuni, tuandikie kazi hii ulivyoiona, tusije tukaanza kila kitu upya." Nimekaa nyumbani Litembo msimu mzima wa kuchuma kahawa nikitafuta namna ya kulikwepa ombi hilo. Sikuipata, kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja, vingine vilinipita, vingine nilivipita mimi. Mshahara mnaujua, maana ni huohuo mnaoulalamikia nyinyi.

Nchi za jirani pia sitazitaja kwa majina. Nilistaafu, kiapo changu hakikustaafu. Ila mwenye ramani ya Ziwa Nyasa ataona mwenyewe mpaka unapita wapi, na ramani haikula kiapo.

Niliajiriwa kwa sababu ya lugha, si kwa sababu ya akili. Baba alikuwa Mmatengo wa hapa Litembo, mama Mnyasa wa Liuli. Nyumbani tuligombezwa kwa Kimatengo na kubembelezwa kwa Kinyasa, na shuleni tukachapwa kwa Kiswahili. Nilikuwa nafundisha jiografia sekondari moja ya Mbinga pale mzee mmoja mwembamba, mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi kama ya harusi, alipoingia kwa mkuu wa shule na kumwomba mwalimu anayejua Kinyasa na anayejua kunyamaza. Mkuu wa shule alimjibu kwamba kwa Kinyasa anaweza kunidhamini.

Yule mzee alikuwa Adelhelm Hyera, Mngoni wa Songea, mkuu wa kitengo chetu kwa kanda hii. Mfuko wake wa koti haukukosa karanga. Ndiye aliyenieleza kazi yenyewe. Kazi ni kutazama vita na machafuko ya nchi za jirani, na kuiambia serikali mapema kama kuna watu huko wanaoelekea kuuawa kwa wingi, si kwa sababu wamebeba bunduki bali kwa sababu ni wa kabila fulani, au dini fulani, au wanakaa upande fulani wa kilima. Majirani zangu Mbinga walidhani tunapima mashamba. Wengine walidhani ni usalama wa taifa, nao walinisalimia kwa adabu zaidi. Niliwaacha wote na dhana zao.

Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma, karibu na ghala la kahawa, kiasi kwamba hata leo nikinusa kahawa mbichi nahisi kama kuna taarifa sijaimaliza. Siku ya kwanza Mzee Hyera alinikalisha mbele ya redio, akanipa kalamu, akatoka. Asubuhi nzima nilimsikiliza mtangazaji wa ng'ambo akiwaita jirani zake magugu, na kusema kwamba magugu hayang'olewi kwa mazungumzo. Damu ilinichemka. Niliandika kurasa mbili kwamba mauaji yako njiani.

Mzee aliporudi alizisoma akiwa amesimama.

"Redio hii inafika wapi?" akauliza.

"Sijui, mzee."

"Wanaoisikiliza ni kina nani?"

"Sijui."

"Huyu anayeongea analishwa na nani?"

"Sijui."

"Basi umeandika hasira yako, mwanangu. Ni hasira nzuri, lakini ya nyumbani." Akanimwagia karanga kwenye karatasi zilezile, tukala.

Alinifundisha kwamba chuki haijawahi kuadimika duniani, kwa hiyo anayetafuta chuki ataikuta kila kijiji na hatajua lolote. Tafuteni maandalizi. Mtu anayeamini kwamba jirani yake atakuwepo wakati wa mavuno humwazima jembe; siku majembe yanapoacha kuazimwa, andika. Mwalimu anapopeleka familia yake kwa wakwe na mwenyewe kubaki, andika. Mgeni anapopita akiuliza nyumba hii ya nani na ile ya nani, andika kwa herufi kubwa.

Alinifundisha pia kukaa na mtu aliyekimbia. Usikae kati yake na mlango. Kinasa sauti kiwekwe mezani akione, na ajue kinavyozimwa. Maji yatangulie maswali. Na usimuulize wamekufa wangapi, kwa sababu atakupa hesabu ya hofu, na hofu haijui hesabu. Muulize asubuhi ile alikuwa anafanya nini. Atasema alikuwa anatwanga muhogo. Muulize muhogo ulikuwa umekauka vizuri? Basi, mkitoka hapo mtafika mnakokwenda, polepole, na atakachokuambia kitakuwa alichokiona kwa macho yake.

Kesi yetu ngumu ya kwanza ilikuwa ya bonde moja, mbali na hapa, nchi nyingine kabisa. Mimi na Mzee Hyera tulipelekwa mpakani kukaa na waliotoka huko. Dalili zote zilikuwepo. Tulikubaliana, tukaandika nyekundu, ambayo kwenye kazi yetu ni neno la mwisho: kijani ni shwari, njano ni kufuatilia, nyekundu ni kwamba watu watauawa msipofanya kitu. Safari hiyo tulisikilizwa. Serikali yetu ikawaambia wenzao, nao wakawahamisha watu wa bonde lile kwenda kwenye kambi isiyo na vyoo. Wauaji hawakuja. Pengine walighairi baada ya kukuta bonde tupu, pengine hawakuwa na nia tangu mwanzo. Hakuna anayejua, na huo ndio ubaya wa kazi hii: ukifanikiwa hakuna kilichotokea, na ukikosea vilevile hakuna kilichotokea. Kilichokuja ni kipindupindu. Mzee Hyera alikwenda kambini kuona makaburi ya watoto. Aliporudi sikumwona akitia mkono mfukoni kutafuta karanga kwa muda mrefu. Tangu hapo kalamu yake ikawa nzito. Nililiona hilo, nikaliita hekima.

Baadaye alihamishiwa makao makuu, mimi nikabaki Mbinga na eneo la ziwa. Hapo ndipo inapoanza habari ambayo ndiyo nilikuwa naikwepa.

Wengi wa kazi yetu hukaa ofisini wakingoja wakimbizi. Mimi nilipenda kwenda kwenye magulio, kwa sababu mkimbizi anakuambia kilichokwisha kutokea, mchuuzi anakuambia kinachokuja. Kusini ya Mbamba Bay, karibu na mpaka, kuna gulio dogo la samaki ufukweni. Wanawake wa ng'ambo huvuka kwa miguu kupitia milimani au kwa mtumbwi, wakiwa na mabeseni ya usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa. Hakuna aliyewahi kuwaita wageni. Kinyasa ni kilekile, kanisa ni lilelile, na wengi wana binamu Liuli.

Mmoja wao alikuwa Esnati. Alikuwa mpana wa mabega, mcheshi, mjane, na alikuwa na mdomo ambao wanunuzi waliuogopa. Siku ya kwanza nilimwomba apunguze bei, akanitazama toka kichwani hadi viatuni, akasema, "Dada, kwa viatu hivyo ungekaa kimya." Nilimpa alichotaka. Tukawa marafiki. Nilimwambia mapema kwamba nafanya kazi serikalini na kwamba nauliza habari za huko kwa sababu ndiyo kazi yangu. Hakushtuka. "Afadhali wewe unauliza," alisema. "Wa kwetu hawaulizi kitu."

Vita vya nchi ile vilikuwa mbali na ziwa wakati huo. Kisha vikaanza kusogea. Kijiji cha Esnati kilianza kusemwa kwamba kinawalisha askari. Kila alipokuja alinipa kipande. Kwanza ni watu waliopita wakiandikisha kaya ili zigawiwe vyandarua, wakiuliza nani wa ukoo gani, lakini vyandarua havikuja. Kisha nesi wa zahanati akaondoka, akafuatiwa na mwalimu. Kisha watu wakaambiwa msimu huu wasihangaike kupanda. Yote hayo nilikuwa nimeyapa njano. Asubuhi moja akaja kwa miguu, amechoka, beseni limepungua.

"Mbona hukuja kwa mtumbwi?" nikamuuliza.

"Mitumbwi imechukuliwa. Yote ya kijiji. Wanasema inakwenda kusajiliwa."

"Imepelekwa wapi?"

"Nani amwulize mwenye bunduki?"

Nilisimama pale na usipa mkononi. Kijiji kile kina ziwa mbele na mlima nyuma. Anayetaka kukipiga kijiji cha namna hiyo, na hataki watu watoroke, huanza na mitumbwi.

Nilirudi Mbinga siku ileile nikaandika tathmini. Haikuwa ndefu. Niliweka nyekundu, na sababu ya kwanza nikaandika mitumbwi. Mzee Hyera alipiga simu kesho yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Kuni. Nimesoma. Hii mitumbwi, haiwezi kuwa imesajiliwa kweli?"

"Kusajili mtumbwi hakuhitaji kuuondoa ziwani, mzee."

Nilisikia feni ya ofisi yake. "Nikipeleka nyekundu," akasema, "utaratibu unatulazimisha. Tuwaarifu wenzetu wa serikali ya ng'ambo rasmi, tufungue njia, tupeleke watu mpakani. Na wenzetu wametuandikia wiki hii hii kwamba eneo la ziwa ni shwari. Tutakuwa tumewaita waongo."

"Neno waongo silo langu. Mimi nimeandika mitumbwi."

"Kuni, unalikumbuka lile bonde?"

"Nalikumbuka."

"Mimi nililala na yale makaburi. Siwezi kuwang'oa watu tena kwa sababu ya mitumbwi. Naweka njano. Wewe endelea kufuatilia."

"Nifuatilie mpaka nione nini, mzee?"

Akaniambia nisimvunjie heshima, na kweli nilikuwa nimeshaanza. Tathmini ikapanda juu ikiwa njano, na pale nilipoandika "watauawa" pakawa na "hali inahitaji uangalizi wa karibu." Niliandika tena. Nikajibiwa kwamba imepokelewa. Wadogo zangu, neno "imepokelewa" ni godoro. Watu wengi wamelazwa juu yake.

Kanuni yetu, kama mnavyoijua, inakataza kumpa onyo mtu wa ng'ambo bila kibali. Gulio lililofuata niliivunja. Esnati alikuwa anatandaza usipa kwenye turubai.

"Leo huulizi kitu, dada?"

"Esnati, usirudi."

Akaacha kutandaza. "Kuna nini?"

"Siku siijui. Lakini ile mitumbwi haikwenda kusajiliwa. Kama lazima urudi, rudi umchukue mama yako mje huku, na mje na wengine."

"Serikali yenu ndiyo imesema?"

"Nakwambia mimi."

Alinitazama kwa upole ambao sikuuzoea kwake. "Wewe nakuamini. Lakini mimi ni nani nikamwambie mwenyekiti wetu kwamba mnunuzi wangu wa usipa amesema tuhame? Watu wana mbuzi, wana wagonjwa, wana muhogo ardhini. Nipe neno la serikali. Nikifika na neno la serikali ya Tanzania, kengele ya kanisa itagongwa leo hii na watu watapanda mlima."

"Sina ruhusa ya kusema hivyo."

"Iombe."

"Niliiomba."

Aliinama, akaendelea kutandaza wale usipa, mmoja mmoja, kama wangeuzwa. Nilijua wakati ule, nikiwa nimesimama pale, kwamba neno moja la uongo lingetosha. Ningesema "ndiyo, serikali imesema," naye angeondoka na kitu mkononi. Sikulisema. Nilikuwa mtumishi mwadilifu. Nilimkodia bodaboda ya kumfikisha mpaka njia inapokwisha, nikampungia mkono, na yeye akanipungia bila kugeuka kikamilifu, kwa sababu alikuwa amelishika beseni.

Kijiji kilipigwa siku chache baadaye, asubuhi, watu wakiwa mashambani na majikoni. Sitaeleza yaliyofanyika. Yako kwenye mahojiano, na mahojiano mnayo. Nitasema tu kwamba waliokimbilia ziwani hawakukuta mtumbwi.

Tulipoambiwa kuna watu wanashuka milimani upande wetu, nilikwenda na gari la kitengo hadi ufukweni. Walikuwa wamekalishwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wanawake wa Mbamba Bay walikuwa wameshawasha moto na kusonga ugali kabla serikali haijapata dereva. Nilizunguka nikimtafuta mtu mwenye mabega mapana. Badala yake, bibi mmoja mdogo, mwenye kitambaa cheupe kichwani, alinishika mkono.

"Wewe ndiye Kuni wa usipa?"

"Ndimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni Tamari, mama yake Esnati." Hakuuachia mkono wangu. "Asante, mwanangu. Asanteni nyote na serikali yenu. Msingetuma lile neno, hata hawa wasingekuwepo."

Sikumwelewa. Nilichuchumaa, nikasahau kinasa sauti, nikasahau maji. Ndipo akanieleza. Esnati alifika nyumbani, akamshika mama yake mkono na kumpandisha hadi kwenye mashamba ya muhogo mlimani, akamkabidhi kwa jirani, kisha akarudi. Alipita nyumba kwa nyumba. Kila mlango alisema neno moja: serikali ya Tanzania imesema tutoke, wanatungoja upande wa pili, wamenituma mimi. Wapo waliofunga vitu vyao palepale. Wapo waliosema watangoja kucha. Mwenyekiti alimuuliza, kama ni serikali mbona haikuja na gari? Alisema atangoja gari. Esnati alikuwa bado anazunguka nyumba za ufukweni kuwabembeleza waliobaki, siku ya pili yake, wale watu walipofika.

Watu waliokaa karibu waliposikia tunaongea walisogea. Mmoja akasema asante kwa Kinyasa. Mwingine akapiga magoti kwa heshima ya kwao, kichwa chini, mikono pamoja, naye alikuwa mtu mzima wa kunizaa. Nilimwinua. Nikawaambia karibuni. Watu wazima walikuwa wananishukuru kwa kitu ambacho ofisi yangu ilikikataa kwa simu.

Niliandika yote kama yalivyo: kwamba onyo halikutoka kwetu, kwamba Esnati alilitunga ili watu watoke, na kwamba waliopona walipona kwa uongo ambao ulipaswa kuwa ukweli. Nilidhani sentensi hiyo itamtikisa mtu. Mzee Hyera aliipeleka bila kugusa hata nukta, hilo nitamsifia. Lakini karatasi ikiingia ngazi za juu hupita mikono mingi, na kila mkono unachukua unachokipenda. Mwaka uliofuata tuliitwa kwenye semina, hoteli kubwa, viti vimevishwa vitambaa kama maharusi, wageni wa mashirika na wa nchi za mbali. Kwenye skrini ikawekwa nyekundu yangu ya kwanza, ile iliyokataliwa, na kando yake picha ya watu wa uwanja wa shule. Chini yake yaliandikwa maneno ya Bibi Tamari: msingetuma lile neno. Msemaji akasema huu ni mfano wa mfumo uliofanya kazi tangu kugundua dalili hadi kufikisha onyo kwa wananchi. Nikaitwa mbele. Watu wakasimama, wakapiga makofi.

Wote mnaniuliza nilisema nini. Nilisema kwamba tathmini ile haikwenda ikiwa nyekundu, na kwamba aliyefikisha onyo ni mchuuzi wa samaki ambaye amekufa, na sisi hatukumtuma. Nilisema vizuri, kwa sauti. Makofi yakaendelea. Nadhani walifikiri ninanyenyekea. Mwanafunzi mmoja wa chuo akanyoosha mkono kuuliza, kama ni hivyo, nani alibadilisha? Mshereheshaji akasema swali hilo zuri litachukuliwa baada ya chai. Baada ya chai ilikuwa mada ya mabadiliko ya tabianchi.

Mzee Hyera alikuwa mstari wa mbele. Nilimkuta nje kwenye maegesho, amesimama karibu na gari ambalo si lake.

"Usinitazame hivyo, Kuni."

"Nakutazamaje, mzee?"

"Kama mgonjwa."

Nilitaka kumwambia kitu kikali, nilikuwa nimekiandaa tangu ule uwanja wa shule. Lakini aliyenifundisha kumpa mtu maji kabla ya swali alikuwa amesimama mbele yangu na suti yake imempwaya. Nikamuuliza kama amekula. Akasema hakuweza. Kisha akasema, "Bondeni niliwahi, hapa nikachelewa, na mara zote mbili nilikuwa na sababu nzuri." Alistaafu mwaka huohuo, akafariki Songea, nami nilikwenda kumzika. Kwa muda mrefu nilifarijika kwamba yeye ndiye aliyebadilisha neno lile, si mimi. Faraja hiyo ndiyo inayonitia aibu kuliko makofi. Nilikuwa nimemgeuza mwalimu wangu kuwa jalala, nikitupa kila kitu huko ili mikono yangu ionekane safi.

Baada ya hapo kanuni ilibadilishwa, na leo ofisa wa kanda anaweza kutoa onyo kwa wananchi wa ng'ambo kwa mamlaka yake mwenyewe pale hatari inapokuwa ya haraka. Mmeikuta kanuni hiyo mkadhani imekuwepo siku zote. Imeandikwa kwa Kiswahili cha kawaida cha serikali, haina jina la mtu. Mkiitumia, jueni haikuletwa na semina.

Wiki niliyostaafu nilishuka ziwani. Bibi Tamari anaishi kwa binamu zake, na wenzake kadhaa wamepewa maeneo jirani; wanalima muhogo, wana kanisa lao dogo la matofali ya kuchoma. Nilimkuta uani anachambua usipa. Nilikaa naye chini. Nilikuwa nimeamua kwamba sitafika uzeeni mtu yule ananishukuru bure.

"Mama," nikamwambia, "nina jambo. Lile neno hatukulituma sisi. Serikali haikusema. Mimi nilimwambia Esnati kama rafiki, basi. Mengine aliyasema yeye mwenyewe."

Aliendelea kuchambua. Nilidhani hakunisikia, nikaanza upya. Akaniinulia kiganja.

"Nilijua," akasema. "Mimi ndiye niliyemzaa. Esnati akisema uongo alikuwa anasimama wima sana. Siku ile alisimama mlangoni kwangu kama askari."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mlangoni. Ndiyo maana nilitoka haraka. Nilijiambia, mtoto huyu hajawahi kunidanganya kwa jambo dogo."

Machozi yalinitoka na yeye akayaacha yatoke. Baadaye akatazama kule kwenye nyumba za wenzake, moshi ukitoka kwenye mapaa, akashusha sauti.

"Wale umewaambia?"

"Bado, mama. Nilitaka nianze na wewe."

"Usiwaambie." Akaniwekea mkono gotini. "Hapa kuna watu waliwaacha watoto. Kuna waliouza vitenge vyao njiani. Kitu kimoja wanachojivunia ni kwamba hawakuja kama mbwa waliofukuzwa. Wanasema, sisi tuliitwa. Watoto wao shuleni wanasema hivyohivyo, sisi tuliitwa. Utawaambia nini? Kwamba hawakuitwa?"

Nilimwahidi. Nimewaambia nyinyi kwa sababu ni wa kitengo, na kwa sababu kazi yenu ni kuhakikisha kwamba safari nyingine inakuwa kweli. Mkishuka kule watawakaribisha. Watawapa kondowole, ugali wao wa muhogo, na usipa, wazee watapiga magoti, na mtashukuriwa kwa neno ambalo serikali yenu iliwatumia. Kaeni chini, kuleni, itikieni. Msiwasahihishe.